Dkt. Levis Ougo Wasonga na Nyumba Aliyochelewa Kuijenga

Ndugu na jamaa mliofika Sori leo, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, mmekaa mbele ya nyumba ambayo mabati yake bado yanang'aa kwa upya. Ni nyumba ya marehemu Dkt. Levis Ougo Wasonga. Mimi ni Lorine, dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu ninafundisha Kiswahili kule Isebania, na pia kwa sababu wengine wote hapa nyumbani walijaribu kuuandika wakashindwa kupita mstari wa kwanza. Nikikwama mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika boma hili, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Wasonga Ougo, aliyekuwa mnunuzi wa samaki hapa ufuoni, na Mama Monicah Adero. Nilimfuata mimi mwaka 1982, kisha Bonface mwaka 1985. Kanisani alibatizwa Levis, lakini nyumbani tulimwita Ougo, jina la babu. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka wageni wakaaga mapema. Akiwa na miaka saba hivi alianguka kwenye mawe ya ufuoni akapasuka goti. Mama akalifunga kwa kitambaa safi. Kila asubuhi Ougo alikifungua kitambaa kile, akaketi mlangoni penye mwanga, akaliangalia goti lake. Mama alimchapa kwa kuchelewesha kidonda kupona, na alipomuuliza anatafuta nini, alisema kwamba ngozi inatembea, inatoka kando inakuja katikati, na yeye anataka kujua ni nani aliyeionyesha njia. Tulimcheka siku nzima. Hatukujua kwamba mtu anaweza kuishi maisha yake yote kwa swali kama hilo.

Kwa wageni wetu wasio Wajaluo, nieleze jambo moja kabla sijaendelea. Katika boma la Mjaluo, kuzaliwa wa kwanza ni kazi. Kaka mkubwa ndiye anayetangulia kujenga nyumba yake ndani ya boma la baba na kulala humo na mke wake. Mpaka afanye hivyo, mdogo wake hasimamishi hata nguzo moja. Anayemruka kaka yake akajenga kwanza ni kama amemwombea kifo, na watu humtazama hivyo. Mtasema ni mambo ya zamani. Sawa, lakini ndiyo yaliyoliendesha boma hili, na bila kuyajua hamtaelewa kwa nini Bonface amekaa pale leo, amevaa suti, na simiti bado iko kwenye kucha zake.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Sori kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, kisha akaenda shule ya bweni upande wa Homa Bay, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1997. Siku ya kwanza Baba alimsindikiza huku amebeba sanduku la bati kichwani mwenyewe, kwa sababu Ougo alikuwa ameshika kwa mikono miwili kioo cha kukuzia vitu alichozawadiwa na mwalimu, na hakukubali kukiweka mfukoni wala kumpa mtu. Mwaka 1999 alijiunga na chuo kikuu Nairobi kusomea biokemia. Alihitimu mwaka 2003 na kupata shahada ya pili mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya Baba kutuacha. Mwaka 2008 alikwenda Utrecht, Uholanzi, na mwisho wa mwaka 2012 akarudi akiwa daktari, ila si yule wa sindano. Mama alichukua muda kulimeza hilo. Majirani walikuja hapa na homa zao wakitaka kumwona, naye Mama ikabidi awarudishe akiwaambia, "Huyu wangu ni daktari ya vitu hazionekani."

Kuanzia Januari 2013 mpaka alipougua, marehemu alifundisha chuo kikuu jijini Nairobi na kuongoza maabara ndogo. Kazi yake ilikuwa lile lile goti. Alichunguza jinsi seli, zile chembe ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo, zinavyojua pa kwenda. Nitaeleza kama alivyotueleza sisi, na wenzake wa maabara mlio hapa, mkinisikia nakosea, kwa leo nyamazeni tu. Seli iliyotulia haina mbele wala nyuma. Mahali panapotokea jeraha, ujumbe wa kemikali hutoka hapo na kuifikia. Protini zinazokaa kwenye ngozi ya seli huupokea ujumbe huo na kuupitisha ndani, protini moja ikiiamsha nyingine, mpaka protini za aina fulani zinajikusanya upande mmoja na kuufanya kuwa mbele. Upande huo husukuma nje kitu kama mguu. Protini za aina nyingine hujikusanya upande wa pili na kuufanya kuwa nyuma, na kazi yake ni kukaza na kuvuta. Makundi hayo mawili hufukuzana. Yakichanganyika, seli hutoa miguu pande zote na haifiki popote. "Kwanza ijue mbele ni wapi," alikuwa akisema, "ndipo itembee."

Desemba ya mwaka huo wa 2013 aliketi na Mama jikoni akamwonyesha filamu kwenye simu. Alikuwa amechukua seli zilizotandaa kwenye kisahani cha maabara, akazikwaruza mstari katikati, na kamera ya hadubini ikazipiga picha mpaka zikauziba mstari ule. Mama akavaa miwani, akainamia simu.

"Hawa watu wanaenda wapi?" akauliza.

"Wanaziba kidonda, Mama."

"Na huyu mmoja ametangulia ni nani? Mbona wengine wanamfuata tu?"

Ougo aliruka juu akapiga makofi mpaka kuku wakatoka jikoni wakikimbia. Hilo ndilo hasa alilokuwa akilitafuta. Seli zikihama kwa kundi, moja hutangulia, na hao wanaoigusa kwa nyuma huambiwa kwa njia ya mguso huo, protini kwa protini, kwamba mguu ninatoa mimi, nyinyi nifuateni. Ndiyo maana hazikanyagani. Mama alivua miwani akasema, "Basi ni kama boma." Ougo akakubali kwamba ni kama boma. Bonface, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya samaki mkononi, akauliza, "Na huyo wa mbele akikataa kuenda?" Sote tukacheka, pamoja na mwenye swali.

Mwaka huo wa 2013 ndio aliokutana na Jerusha. Alikuwa akifika hospitalini Homa Bay kuangalia vidonda vya wagonjwa wa kisukari, vile visivyotaka kufunga, na Jerusha, binti wa Mbita, alikuwa muuguzi wa kuvisafisha na kuvifunga. "Daktari, wewe unaangalia kidonda kama mtu anaangalia mpira," Jerusha alimwambia. Naye akajibu kwamba ni kweli, na timu yake inafungwa. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2014 kanisani Homa Bay, baada ya ng'ombe wa mahari kufika Mbita salama. Mungu aliwapa Linet mwaka 2016 na Willis mwaka 2019. Mapenzi yao sisi tuliyaona kwa macho. Sijawahi kumsikia Ougo akimwita Jerusha kwa sauti ya juu, labda siku zile za mechi.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe, kwa maana sitaki tumzike kaka yangu huku tumempaka rangi. Marehemu hakujenga. Kwa desturi yetu mwana aliyeoa haruhusiwi kulala ndani ya nyumba ya mama yake, kwa hiyo kila Krismasi yeye na Jerusha walikuja boma la baba yake mzazi na kulala gesti kule senta, kama watu waliokuja semina. Kila mwaka alisema atajenga Desemba ijayo. Ilipofika Desemba, seli zilimwita. Mtu anayefuga seli maabarani ni kama mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Lazima azilishe, azibadilishie maji ya chakula chake, azihamishe zikijaa, la sivyo zinakufa na kazi ya miezi inakwenda nazo. Wanafunzi wake walikuwa wameenda likizo, yeye akabaki. Alikuja hapa kwa siku mbili, akala samaki, akapima kiwanja kwa macho, akarudi Nairobi. "Seli haziendi likizo, Mama," alisema, na Mama akamwambia basi azilete hapa Sori azizalishe pamoja na mbuzi.

Baba mdogo Onyango, ndugu wa baba yetu, alimpa njia nyepesi. Asimamishe kibanda cha mabati, alale humo usiku mmoja na mkewe, desturi itosheke, halafu Bonface apate nafasi. Wengi wamefanya hivyo na hakuna aliyewalaumu. Ougo akakataa. "Baba mdogo, siwezi kujenga uongo halafu nilale ndani yake," akasema. Alitaka nyumba ya matofali, yenye chumba cha watoto na dirisha la kutazama ziwa. Alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu, na ukaidi wake ulimlipisha mtu mwingine.

Aliyelipa ni Bonface. Bonface anachimba dhahabu Osiri. Amekuwa mtu mzima, ameoa, amepata watoto, na wote hao wamezaliwa katika chumba cha kupanga kule machimboni huku ardhi ya baba yake iko hapa na nyasi juu yake. Desemba 2022 akachoka. Walikuwa wameketi hapa uani, Ougo amekwisha sema ile kauli yake ya Desemba ijayo.

"Omera, ndugu yangu, mimi nimechoka na hii Desemba yako," Bonface akasema. "Watoto yangu wanajua landlord kuliko wanajua hii boma."

"Si ujenge tu, Bon. Mimi sina shida."

"Nijenge aje na wewe hujajenga? Unataka watu waseme nimekuzika?"

"Hizo ni stori za wazee."

"Basi waambie wazee. Wewe ndiye wa mbele. Mimi naangalia mgongo yako tu, na mgongo yako haiendi."

Mama akasema hakuna mtu atakayempita mwenzake katika boma hili akiwa yeye hai. Bonface akapanda pikipiki akarudi Osiri. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, isipokuwa kupitia kwangu, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa simu.

Krismasi ya mwaka 2024 Mama alipika mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Ougo alikuwa katikati ya maneno aliposimama ghafla, akashika koo. Sisi watu wa ziwa, kitu chochote kikikwama kooni kina jina moja tu, mfupa wa samaki. Mama akamfinyangia tonge kubwa la ugali baridi akamwambia ameze bila kutafuna. Likashuka kwa taabu. Kesho yake tukampeleka kwa mama mmoja wa hapa Karungu anayejulikana kwa kutoa mifupa, akamkanda shingo kwa mafuta, akampa dawa ya majani akatapika. Mfupa haukuonekana, lakini sote tukakubaliana kwamba umeshuka. Ougo mwenyewe alikubali, akacheka, akarudi Nairobi kwenye seli zake.

Januari alianza kuchagua uji badala ya ugali. Februari nyama ikamshinda. Jerusha alimwambia waende hospitali, naye akasema mfupa ulimkwaruza, na mikwaruzo anaijua yeye kuliko mtu yeyote hapa Kenya. "Zipe muda, zinatembea," alimwambia. Mtu aliyesomea mikwaruzo tangu ujana wake alidanganywa na mkwaruzo ambao haukuwepo. Sisemi hivyo kumsimanga. Nasema kwa sababu hapa wapo watu ambao wiki hii wana kitu kimekwama kooni na wanameza ugali baridi. Nendeni hospitali. Jerusha alimkokota mwishowe, na tarehe 23 Aprili 2025 tukaambiwa ni saratani ya umio, njia ya chakula, na kwamba imekwisha fika kwenye ini.

Nilikwenda Nairobi kumwona. Alikuwa ameketi kitandani akiitazama picha ya ini lake kama alivyokuwa akiitazama filamu ile jikoni. "Ni mashine ile ile, Lorine," akaniambia. "Protini zile zile za mbele, zile zile za nyuma. Ila hizi zimejiamsha zenyewe, hazingoji kidonda. Zimejipa mbele, zikahama." Alisema bila chuki hata kidogo. Chuki nilikuwa nayo mimi. Ninayo hadi leo. Kaka yangu alizilisha seli Krismasi baada ya Krismasi, akaziacha sikukuu zetu kwa ajili ya seli hizo, na hizi za mwilini mwake hazikumwacha hata aezeke nyumba.

Mwezi wa Julai madaktari walisema dawa hazifanyi kazi tena. Alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kujenga. Akachukua simu akampigia Bonface mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Bon, njoo unichimbie msingi."

"Kuna mtu amekufa?"

"Bado."

Bonface aliniambia kwamba aliketi chini pale pale machimboni, na wenzake wakadhani ameumwa na nyoka. Kisha akachukua sururu na koleo, akashuka Sori siku hiyo hiyo.

Tarehe 10 Agosti, Jumapili, baada ya ibada, Baba mdogo Onyango alisimama mahali pa baba yetu, akaonyesha nyumba itakapokaa na mlango utakapotazama, yaani lango la boma. Ougo alikaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta mbili kwenye jua la Sori, shingo imekuwa nyembamba kama mkono wa mtoto. Bonface akaanza kuchimba. Mtu wa Osiri hajui kuchimba kidogo. "Bon, huu ni msingi, si mgodi," Ougo akamwambia kwa ile sauti yake iliyobaki. "Ukikutana na dhahabu, rudi juu." Bonface akacheka mpaka akaegemea koleo, na kucheka kule kukageuka kuwa kilio, na hakuna aliyemuuliza. Ndivyo walivyosameheana. Sikusikia neno jingine lolote la msamaha, na sidhani lilihitajika.

Walikaa wiki zile pamoja, mmoja akijenga, mwingine akitazama. Siku moja wakati wa chai Ougo alimwonyesha Bonface filamu nyingine. Katika hii, seli ile inayotangulia iliondolewa kwa miale ya mwanga. Bonface, mwenye vumbi la matofali usoni, akaona iliyokuwa nyuma yake imebaki pale pale, imejikunja kuwa duara, haina mbele wala nyuma.

"Huyu naye amekufa?" akauliza.

"Hajafa. Ngoja, mwangalie. Ile ishara iliyokuwa inamzuia imekatika. Sasa hivi hajui." Kisha kwenye simu seli ile ikatoa mguu. Ukatoka polepole upande ule ule ambao mwenzake alikuwa akielekea. "Umeona? Hakuna aliyemchagua. Alikuwa nyuma tu, na mbele pako wazi."

Bonface akamrudishia simu. "Usinionyeshe hii kitu tena," akasema, akaenda kuchanganya simiti ambayo tayari ilikuwa imechanganywa.

Tarehe 28 Septemba, kuta zikiwa zimefika juu ya madirisha, Ougo alishindwa kumeza maji, tukamkimbiza hospitalini Homa Bay, ile ile alikokutana na Jerusha. Wauguzi waliomjua walimhudumia kama ndugu yao, na familia inawashukuru. Kila jioni alimwomba Jerusha apige simu Sori. Hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Wamefika wapi?" Bonface hakumdanganya hata siku moja. Alimwambia tuko kwenye linta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, tumemaliza linta, mbao zimekatwa. Jumatatu tarehe 6 Oktoba akamwambia, "Mbao zote ziko hapa. Ijumaa tunapandisha mabati." Ougo akasema, "Ijumaa ni sawa." Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, akiwa na miaka arobaini na sita. Jerusha alikuwa ameshika mkono wake mmoja na mimi ule mwingine. Nyumba haikuwa na paa.

Wazee walikutana. Mwanamume wetu huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, ukisimama mlangoni ukitazama nje. "Hii ni kuta tu, si nyumba," Baba mdogo Onyango akasema, na alisema akilia. "Na mtu bila nyumba, tutamzika kulia ya nini?" Mmoja akashauri tufunge turubai juu ya kuta, jeneza lipite chini yake, mambo yaishe. Bonface alikuwa ameketi nje ya kikao, kwa kuwa ni mdogo. Akasimama. "Huyu alikataa kujenga uongo akiwa hai," akasema. "Sasa mnataka alale ndani ya uongo na hawezi kukataa?" Hakungoja jibu. Aliwaita wenzake wa Osiri, wakaja na nyundo zao, na Alhamisi wiki hii wakagonga msumari wa mwisho. Jana jeneza lilifika kutoka Homa Bay, likaingia kupitia mlango wa mbele, na Jerusha akatandika mkeka kando yake. Kwa hiyo andikeni na mseme kila mahali kwamba Levis Ougo Wasonga alijenga, na alilala katika nyumba yake na mke wake. Ninaomba Mungu anieleze siku moja kwa nini ilipaswa kuwa hivi.

Leo asubuhi, kabla hamjafika, Baba mdogo alimwita Bonface akamwambia kwamba sasa njia iko wazi, matanga yakiisha anaweza kupima kiwanja chake. Nilikuwepo. Bonface akasema, "Baba mdogo, mimi sitaki."

"Hutaki nini? Si ndiyo hii umeililia?"

"Nilikuwa nangoja mtu. Sikuwa nangoja nyumba."

Bonface alisimama pale uani, mikono imelegea, hageuki huku wala kule, na nikaiona ile seli ya kwenye simu kwa macho yangu. Ndipo Mama akatoka jikoni. Amefiwa na mume, sasa amefiwa na kifungua mimba wake, na alitembea akijishika ukutani. Akaangalia nyumba mpya. Akaangalia wake wa ndugu zangu na watoto waliokuwa wamesongamana mlangoni, wa Ougo na wa Bonface pamoja, bado na nguo za kulala. Akamuuliza Bonface swali ambalo nililijua.

"Na hawa watu wanaenda wapi?"

Ile kamba ya fundi, aliyopimia Bonface kuta za kaka yake, ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari kando ya mlango. Bonface akaiondoa, akaizungusha polepole kwenye vidole vyake, akaitia mfukoni mwa suti. Bado iko humo.

Marehemu ameacha mjane, Jerusha, na watoto wawili, Linet na Willis, ambao wana chumba chao katika nyumba hii na dirisha lao la kutazama ziwa. Ameacha mama, Mama Monicah Adero, na baba mdogo, Mzee Onyango. Ameacha wanafunzi ambao wiki hii wanazilisha seli zake kwa zamu, wengine kule maabarani, wengine wakiwa hapa nasi. Ameniacha mimi, na sijui nitamsahihisha nani Kiswahili. Na ameacha mdogo wake, Bonface, niliyemweka mwisho wa orodha kwa sababu tangu azaliwe amezoea kuwa huko. Kuanzia leo, Bonface, hakuna mtu mbele yako.

Mungu amlaze Ougo wetu kwa amani, upande wa kulia wa nyumba yake.